Mama Noreen Anakabidhi Funguo za Basi

Ijumaa, tarehe 29 Agosti. Huu ni mwezi wa sita tangu tutoke kisiwani kwetu Malakula kuja kufanya kazi huku ng'ambo, na leo Mama Noreen Tuckwell anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kuendesha basi la wafanyakazi wa shamba la viazi vitamu la Kilkenna. Mimi ni mchimba viazi tu. Shule niliiacha mapema, na mgongo unaniuma hata nikiwa nimekaa, lakini wenzangu wamesema niandike mimi, basi naandika kwa furaha.

Mama Noreen alianza kwenye mashine ya kuosha viazi. Dereva wa wakati ule alipohama, aliombwa ashike usukani kwa wiki moja. Wiki hiyo ndiyo inaisha leo.

Safari yetu ni ya gizani. Tunatoka mjini Childers saa kumi na moja alfajiri, tunapita katikati ya mashamba ya miwa, kangaruu wanakatiza mbele yetu na malori ya miwa yanakuja kwa kasi. Kabla ya kuondoka, Mama Noreen hufuta taa kwa kitambaa kibichi, maana matope mekundu ya huku hukauka kwenye kioo yakala nusu ya mwanga. Akiona tu mng'ao nyuma ya kilima, hupunguza taa kabla gari lenyewe halijatokea. Na mwenzake akikataa kupunguza zake, hamlipizii.

"Sasa tukipofuka wote wawili, nani atabaki kuona barabara?" hutuuliza.

Kuna asubuhi moja kila gari lilitumulikia kwa hasira, ilhali taa zake alikuwa amezipunguza. Alisimama pembeni, akashuka, akatazama, akarudi anacheka. Malsungai na wenzake watatu wenye miili mikubwa walikuwa wamejibana kiti cha nyuma kabisa. Nyuma kumedidimia, pua ya basi imeinuka.

"Malsungai, mwanangu, hebu njoo mbele. Taa zangu zinatafuta ndege."

"Mama, mbona mimi peke yangu?"

"Wewe ni watu wawili."

Tangu siku hiyo tunakaa kwa uzito, si kwa urafiki.

Aliposema atastaafu, tuliingiwa na wasiwasi. Meneja alitueleza wazi: asipopatikana dereva ambaye Mama Noreen anamwamini gizani, tutahamishiwa kwenye vibanda vya shambani. Kule hakuna kanisa, hakuna duka, hakuna uwanja wa mpira. Ni kuchimba na kulala. Na kati yetu mwenye leseni ni mmoja tu, shemeji yangu Ronick, aliyekuwa akiendesha lori la nazi kavu nyumbani.

Mara ya kwanza alipojaribiwa, Mama Noreen akiwa ameketi kando yake, alishindwa. Kwetu magari hupita upande wa kulia, na Ronick amezoea tangu ujana kwamba taa zikimpiga usoni, anahamishia macho kwenye ukingo wa kulia. Huku watu huendesha kushoto, na kulia ndiko lori linakotokea. Lori la miwa lilipotumulika, macho yake yalikwenda kulia na basi likayafuata. Mama Noreen aliuvuta usukani, akalirudisha kushoto.

"Shemeji, ulitaka kutuozesha kwa lori?" nilimuuliza tuliposhuka.

"Nyamaza wewe. Mikono imeshafika huku. Macho bado yako Malakula."

Mama Noreen hakumgombeza. Jioni baada ya jioni alitoka naye: punguza mwendo, tazama mstari mweupe wa kushoto, usiutazame mwanga, ngoja lipite. Sisi nasi hatukumwacha. Ronick akitembea kwenda kanisani na gari likatokea mbele, tulipiga kelele pamoja, "Kushoto, shemeji!"

Jumanne ya wiki hii alijaribiwa kwa mara ya mwisho. Kwenye bonde tulikuta ukungu, akapunguza taa ili mwanga usiturudie. Tulipopanda tu upande wa pili, likaja lori na taa kamili, na dereva wake hakuwa na habari na mtu. Ronick aliondoa mguu kwenye mafuta. Basi halikuyumba hata kidogo. Lori likapita.

"Mama, vipi hapo?" aliuliza.

Akauliza tena. Tukainuka kumtazama: kichwa kimeegemea dirisha, mdomo wazi, anakoroma. Mama huyu hajawahi kusinzia kwenye gari linaloendeshwa na mtu mwingine, hata la mumewe Len, ambaye amelalamikia jambo hilo tangu harusi yao. Basi zima lililipuka kwa vifijo mpaka akazinduka.

"Kelele za nini? Mnamsumbua dereva."

Meneja amekubali. Jumatatu Ronick anashika funguo, na sisi tunabaki mjini.

Mama Noreen, ulitupeleka kazini tukiwa na usingizi na kuturudisha tukiwa hoi, na hujampoteza hata mmoja wetu. Asante kwa kila alfajiri. Mungu akupe afya, akupe miaka mingi na Len, na asubuhi ndefu zisizo na kengele ya saa. Mkataba wetu ukiisha, natarajia kuwa nyumbani Malakula wiki ya pili ya Desemba. Mwaliko tuliokupa wa kuja kula Krismasi kwetu uko palepale, na uwanja wa ndege nitakuja kukupokea mwenyewe.