Imebaki Koili

Basi lilipotoka mjini, mwanamke mmoja kijana aliyejiita Mbithe alimgeukia mama aliyeketi naye, mtu asiyemjua, akamwuliza kama aliwahi kuwekwa koili ya kuzuia mimba. Mimi nilikuwa nyuma yao na gazeti ambalo sikulisoma tena.

"Niliwekwa. Kwani?"

"Daktari amesema nikishika mimba tena presha itaniua. Na ile sindano nilikuwa nadungwa kwa siri amekataza, ati haifai mtu wa presha. Imebaki koili."

"Si uwekwe tu, mami."

"Nasikia inaleta damu nyingi. Bwanangu atajua."

"Basi mwambie mwenyewe."

"Dadangu Nzisa alimwambia bwana wake. Akaitwa malaya, akapelekwa itolewe. Tulimzika na mimba."

Tulipofika Westlands, mama akamwinamia. "Weka, hata akikuchapa. Utaishi."

"Hajawahi kunichapa. Ni mtu mzuri. Shida anataka kijana, na mimi nimezaa wasichana watupu."

Basi likasimama Kangemi. Mumewe alikuwa akimngoja stejini. Alimpokea mkoba, akamwuliza kwa upole daktari amesema nini.

"Amesema nipumzike," Mbithe akajibu.