Mama Majani na Giligilani Yake ya Miiba

Ndugu waombolezaji, tunaomba utulivu wenu kidogo. Huyu tuliyekuja kumsindikiza, ambaye wengi mnamjua kama Mama Majani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya saba, na mdogo wake aliyemfuata ndiye anayewasomea karatasi hii, iliyoandikwa na binti mkubwa wa marehemu.

Alisoma shule ya msingi mwaka 1959 hadi 1966, akajifunza upishi, na tarehe 3 Januari 1972 akaajiriwa jikoni kwenye chuo cha ualimu, alikopika hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2006. Mwaka 1983 mpishi mwenzake aliyekuwa akihama alimwachia miche mitatu ya giligilani ya miiba, yenye majani marefu yaliyolala chini kama magugu na harufu kali kuliko giligilani ya sokoni, akaipanda kivulini nyuma ya jiko la nyumbani kwake, na tangu hapo hakupika mboga bila jani hilo.

Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1974 na fundi seremala, marehemu shemeji yetu, aliyeapa kwamba yeye si mbuzi hata alishwe nyasi, kisha akalila jani hilo miaka ishirini na sita, tena akiomba kuongezewa, hadi alipofariki mwaka 2009. Walijaliwa watoto watatu, na wote walilipenda jani lile isipokuwa binti mkubwa, aliyesema linanuka kunguni, wala hakuwahi kukanyaga nyuma ya jiko kulitazama, na mama na mwana wakavutana hivyo miaka yote, kila mmoja kichwa kigumu.

Agosti 2021 marehemu aligundulika kuwa na maradhi ya figo, daktari akamkataza chumvi, na jani lile likawa ndilo pekee la kumpa hamu ya kula. Alilazwa tarehe 3 Juni 2023, na binti, akijua wageni watakuja kumjulia hali mgonjwa, alishika jembe akasafisha uwanja wote, mbele na nyuma, akang'oa kila kilicholala chini, akachoma moto. Mgonjwa aliporudishwa tarehe 17, hajiwezi kitandani, swali lake la kwanza likawa kama giligilani yake inamwagiliwa, na binti, akitambua sasa alichokichoma, akajibu ipo, imestawi. Kwa siku kumi na moja alinunua giligilani ya kawaida, akaikatakata isitambulike, akamlisha mama yake kwa kijiko, na mama alikula kidogo, akasifu kuwa mboga imeiva vizuri. Alifariki tarehe 28 Juni, saa nne asubuhi. Binti anaamini alimnyima mama yake chakula cha mwisho, na ametaka hili lisomwe mbele yenu, ingawa sisi wajomba tulimsihi alifute.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wapishi wenzake wa chuoni, na majirani, hasa fundi viatu wa nyumba ya pili, ambaye jana alimwambia msomaji wenu jambo ambalo halimo kwenye karatasi, na binti analisikia sasa hivi pamoja nanyi. Mgonjwa alijua tangu kijiko cha kwanza. Alimwomba jirani afunge mdomo wake, kwa sababu, alisema, mwanangu akijua kwamba najua atashindwa kunitazama, na mimi ndiyo kwanza napata kulishwa naye.

Dada, pumzika kwa amani, mwanao amesikia.