Picha Moja Inatosha: Maisha ya Dastani Abrahamu Mkwinda

Baba Kasisi, wafiwa, majirani wa Makote na ninyi nyote mliotoka Masasi, Tandahimba na Nanganga kuja kutushika mkono, anayewasomea maisha haya ni Anselmo, mdogo wa marehemu, mwalimu wa Nanganga, na hakuchaguliwa na kikao cha familia, amechaguliwa na marehemu mwenyewe, kwa sababu mtakayoisikia.

Marehemu Dastani Abrahamu Mkwinda alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 hapa Makote, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Abrahamu na mama yetu Dorika tuliye naye hapa. Alisoma shule ya msingi hapahapa kuanzia 1976 hadi 1982, akaendelea na sekondari Masasi, akahitimu 1986, na mwaka 1989 akaenda Dar es Salaam kusomea upigaji picha za mionzi, akarudi 1992 na cheti chake na koti moja la baridi ambalo hakuna aliyejua alilinunua la nini.

Tarehe 1 Agosti 1992 aliajiriwa hospitalini Masasi, chumba cha eksirei, akakaa humo hadi mwisho, na tarehe 8 Oktoba 1994 alifunga ndoa na Yuliana katika kanisa la Newala, wakajaliwa watoto watatu, Isabela, Christopher na Huruma, na wajukuu wawili.

Wengi wenu mlipita mikononi mwake, mkaambiwa mvute pumzi, mzuie, haya sasa pumueni. Mnajua pia alivyokuwa mbishi. Wapo akina mama walioamini picha yenyewe ndiyo dawa, mtoto akipona baada ya kupigwa, basi kikohozi kikirudi wanaomba apigwe tena, na marehemu aliwakalisha chini kila mmoja, akawaeleza kwamba mionzi haiumi wala haionekani, ila kila picha huacha athari kidogo mwilini, na mtoto ana miaka mingi ya kuishi nayo. Mashine ya siti skani ilipofika, alipunguza mionzi kufuata uzito wa mtoto, na nyuma ya kadi ya kliniki aliandika kwa kalamu nyekundu tarehe na picha iliyopigwa, ili atakayefuata ajue.

Mwaka 2021, wakati wa Korona, Winfrida, binti wa Anselmo, akiwa na miaka tisa, alibanwa na kifua mpaka midomo ikabadilika rangi, na tarehe 19 Julai daktari aliagiza siti skani, marehemu akampiga picha, mapafu yakaonekana na ukungu kama kioo kilichopuliziwa pumzi, mtoto akatibiwa, akaanza kula na kugombana na wenzake wodini. Tarehe 2 Agosti Anselmo alitaka picha ya pili, aone kwa macho yake kwamba ukungu umetoka. Daktari alisema haina haja, na marehemu akamwambia mdogo wake, mbele ya watu kwenye korido, aache kutazama mashine, amtazame mtoto. Anselmo, mwalimu anayefundisha sayansi, aibu tupu, alimjibu kaka yake kwamba anawanyima damu yake anachowapa watu baki, akambeba mtoto hadi Mtwara mjini, akalipia picha, ikatoka safi, na tangu siku hiyo hakumwamkia tena kaka yake. Miaka mitatu na nusu, hata kwenye harusi ya Isabela, alimpita bila shikamoo.

Tarehe 24 Januari 2025 marehemu alianza kukohoa, akalazwa Masasi kwa maambukizi ya virusi kwenye mapafu. Alipigwa siti skani moja, akakubali kwa kuwa daktari alikuwa na sababu, na mwenzake wa kazi Silvesta anasema hata pale kitandani aliuliza kama mionzi imepunguzwa. Tarehe 1 Februari alimwambia Yuliana kwamba likitokea la kutokea, historia asome Anselmo. Ujumbe ulifika Nanganga siku hiyohiyo, naye akawa anasema kesho, kesho, akafika Masasi Jumatatu tarehe 3 saa sita mchana, na kaka yake alikuwa amefariki saa nne asubuhi.

Jana Winfrida alimletea baba yake kadi yake ya zamani ya kliniki. Nyuma yake kuna wino mwekundu, ambao nyumbani kwa Anselmo na kule Mtwara hakuna aliyeigeuza kadi kuusoma, na umeandikwa hivi: "19/7/2021, siti skani ya kifua, mionzi midogo, kilo 24. 2/8/2021, asipigwe tena bila sababu. Baba wa mtoto si mkorofi, ana hofu, aelezwe polepole."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Masasi waliomhudumia bila kuchoka, wenzake wa chumba cha mionzi waliombeba leo, Kasisi na wanakwaya, na majirani wa Makote mliochota maji na kupika tangu Jumatatu, hatuna cha kuwalipa.

Kaka, kadi nimeisoma, nimeelewa, na Winfrida yule pale, anapumua vizuri.

Shikamoo, kaka Dastani. Pumzika kwa amani.