Pampu ya Jirani na Mlio wa Masikio Yangu

Mwenyekiti, wanachama wenzangu wa kikundi hiki cha kusaidiana, na nyinyi wageni mliotembea kutoka ng'ambo ya Gachoka tangu asubuhi, nashukuru kwa nafasi hii. Namwomba katibu aandike maneno yangu kama ninavyoyatamka, bila kupunguza makali, kwa kuwa sehemu kubwa ya makali hayo inanihusu mimi mwenyewe. Majina sitataja. Anayehusika zaidi ameketi humu ndani, anajijua, na ameniruhusu kusema.

Wengi wenu mnanifahamu kama Karani. Kwa miaka thelathini na mmoja nilitunza masjala katika ofisi ya serikali. Faili ikiulizwa, nilijua iko rafu gani, nani aliichukua na lini aliirudisha. Nilistaafu nikiamini kwamba jambo lisiloandikwa halikutokea, na lililoandikwa vizuri limekwisha kuthibitishwa. Tafadhali likumbukeni hilo.

Mlio ulianza asubuhi moja baada ya chai. Nilisikia birika likikaribia kuchemka, nikaenda jikoni kuliepua. Meko yalikuwa baridi.

"Mama watoto," nikauliza, "umeacha nini kwenye moto?"

"Moto gani? Hata kuni sijawasha."

"Basi zima redio."

"Redio haina betri tangu wiki jana. Wewe mwenyewe ulizitoa ukaziweka kwenye tochi."

Nikanyamaza, lakini birika halikunyamaza. Lililia siku hiyo, likalia kesho yake, na ndugu zangu, nawaambia, linalia hata sasa ninaposimama mbele yenu. Asije mtu hapa akadhani nimesimama kusema kwamba nimepona. Sikupenda kudanganywa nilipokuwa mgonjwa, wala sitawadanganya.

Nilikwenda zahanati. Nikaambiwa, "Ni uzee, mzee." Nikarudi mara ya pili, kadi yangu ilikuwa haionekani, nikafunguliwa nyingine, nikaambiwa ni uzee. Mara ya tatu hata ile kadi ya pili ilikuwa imepotea! Mimi, niliyetunza maelfu ya faili bila kupoteza hata moja, naambiwa na kijana anayetafuna kalamu, "Pengine umeisahau nyumbani, babu." Tangu lini uzee ukawa jina la ugonjwa? Hakuna aliyenichungulia sikio hata kwa tochi.

Mtu asiposikilizwa, huanza kujitibu. Nilichokoa masikio kwa kifuniko cha kalamu. Nikatia mafuta ya moto, yakaniunguza. Sokoni nilimkuta muuza dawa juu ya gari, anatangaza kwa spika mbili kubwa kwamba ana matone ya kuondoa kelele masikioni. Nilisimama chini ya spika hizo karibu saa nzima nikisikiliza maelezo. Mnacheka? Chekeni, ni haki yenu. Matone niliyanunua pia.

Sasa nafika kwenye kosa langu.

Shamba langu linapakana na la jirani yangu, na yeye humwagilia nyanya kwa pampu iliyo kule chini kijitoni. Siku moja nilikuwa uani, nikaisikia pampu ile, na nikasema moyoni: chanzo nimekipata. Sauti ya birika na sauti ya pampu hazifanani hata kidogo, lakini mtu aliyechoka huona anachotaka kukiona. Nilimwendea nikamtaka aizime.

Akaizima palepale, mbele ya macho yangu, akageuka. "Haya Karani, nimezima. Unasikia?"

"Nasikia."

"Unasikia nini, na pampu imekufa?"

"Nasikia mabaki yake."

"Mabaki! Kwani sauti ni ugali, ibaki kwa sufuria?" Akacheka, na vibarua wake wakacheka pamoja naye.

Kicheko kile kilinipeleka mezani. Nilichukua daftari la kurasa mia mbili, nikachora safu: siku, saa, ukali wa mlio, na safu ya mwisho nikaiita "Pampu". Karibu kila saa niliyokuwa macho niliketi, nikasikiliza kichwa changu kwa makini, nikaandika. Majuma sita. Kisha nikaandika barua kwa naibu wa chifu, yenye aya zilizohesabiwa na nakala tatu. Ilikuwa barua nzuri mno. Ubaya wa barua nzuri ni kwamba huaminiwa. Jirani aliamriwa asimamishe pampu mpaka shauri lisikizwe, na shauri halikusikizwa mapema, kwa sababu naibu alisafiri kwa shughuli zake.

Nyanya zilikuwa kwenye maua. Mnalijua jua letu la huku. Siku ya nane majani yalikuwa yamejikunja. Siku ya kumi na mbili mke wa jirani alipita kando ya ua wangu na ndoo mbili za maji, asinisalimie, na mama huyo amenisalimia kila siku tangu alipoolewa. Mke wangu aliona. Akaniambia neno moja tu: "Umeridhika?"

Sikuridhika, maana mlio ulikuwa umezidi. Ukimya wa pampu ulikuwa kama chumba kitupu. Birika lilipata nafasi ya kujinyoosha. Sikulala vizuri, nilimkemea kila mtu, na kwenye kikao chetu kimoja niliomba kujiuzulu kamati ya mazishi kwa kuwa sikuweza kufuata mazungumzo, mkanikatalia. Mlidhani nimejawa na kiburi. Nilikuwa sisikii.

Mke wangu ndiye aliyenitoa huko. Aliniamsha alfajiri, akanivalisha kama mtoto wa shule, tukaenda Embu kwa daktari wa masikio. Alikuwa binti wa umri wa kitinda mimba wangu, nami nikajiandaa kuambiwa ni uzee. Hakusema hivyo. Alichungulia sikio moja, akachungulia la pili, akatoa nta ngumu ambayo, nilivyoelezwa, niliishindilia mwenyewe kwa kifuniko cha kalamu. Akaniuliza habari za presha na za vidonge vya maumivu ninavyomeza kwa ajili ya magoti, akasema baadhi ya dawa hizo, zikizidi, huliza masikio; tutazipunguza pamoja, nisiache hata moja kwa uamuzi wangu. Akaniketisha katika kijumba kisichoingiza sauti, nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Nilibonyeza mara nyingi. "Mzee," akasema kwa upole, "hapo sikuwa nimeweka sauti yoyote."

Ndipo nikamtolea daftari. Nilitaka aandike barua ya kuunga mkono malalamiko yangu. Alilisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, na ndugu zangu, nilikaribia kulia, kwa kuwa hakuna ofisa aliyewahi kusoma kazi yangu kwa heshima namna ile.

"Jumapili na Jumatatu umeandika 'kali sana' kila wiki," akasema. "Jumamosi unakuwa wapi?"

"Mazishini. Mimi ni mwendesha ratiba wa kamati."

"Unaketi wapi?"

"Meza kuu, mbele."

"Na spika?"

Nikafikiri. "Nyuma ya sikio langu la kushoto."

"Kwa miaka mingapi?"

Mwajua desturi yetu: mtu aliyewahi kuwa na cheo haketishwi nyuma, na spika haikosi kusimamishwa kando ya meza kuu ili wakubwa wasikie. Tunamheshimu mtu mpaka tunamtoboa masikio. Nilipoletewa kiti cha pembeni mara moja, nilikikataa nikasema nimedharauliwa.

"Na kurasa hizi tupu?"

"Hizo ni siku za kupura ndengu. Sikupata nafasi ya kuandika."

"Au hukuwa na la kuandika?"

Kisha akaweka kidole kwenye safu ya mwisho. "Hii 'Pampu' ni nini?"

"Ushahidi."

"Mzee, soma mwenyewe."

Nikasoma. Pampu inafanya kazi: hafifu. Inafanya kazi: hafifu. Imezimwa: kali. Imezimwa: kali sana. Imezimwa: siwezi kuvumilia. Mwandiko ni wangu. Saa ni zangu. Majuma sita nilikuwa nimeandika utetezi wa jirani yangu bila kuusoma.

Daktari alinieleza kwamba kusikia kwangu kumeharibika kwa kelele, na kwamba kichwa kinapokosa sauti za nje hujitengenezea yake. Mlio huenda usiondoke. Ila hupungua nguvu mtu akiacha kuuvizia, akikaa karibu na sauti ndogo ya kudumu, maji au redio ya chini, na akivaa kifaa cha kusaidia kusikia. "Daftari lifunge," akasema. Kati ya maagizo yake yote, hilo ndilo lililoniuma.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa naibu wa chifu kuiondoa barua yangu kwa barua nyingine, nakala tatu. Kisha nikachukua mtungi wa asali kutoka mizinga yangu, nikaenda kwa jirani, nikamsomea daftari nikiwa nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Karani," akasema, "asali haimwagilii nyanya."

"Najua. Kesho nakuja na jembe."

"Wewe? Na hayo magoti ya ofisi?"

Nilikwenda. Tulipanda miche mipya pamoja naye na mkewe, siku nne. Mkewe alinisalimia siku ya tatu.

Sasa natoa shukrani. Kwa mke wangu, aliyenivumilia nikimshtaki kwa redio isiyo na betri. Kwa daktari yule, aliyesoma kabla ya kusema. Kwa jirani yangu, ambaye angeweza kunishtaki lakini akanipokea na jembe langu. Na kwenu ninyi mnaosikia birika, mvumo au nyenje kichwani, nasema: nendeni mkachunguzwe, na mkiambiwa ni uzee, kataeni kuondoka mpaka mtu ashike tochi. Sikio likiziba ghafla, au mlio ukifuata mapigo ya moyo, msingoje hata siku moja. Msichokoe. Na msitafute mtu wa kumlaumu kabla hamjasoma mlichoandika wenyewe.

Ombi langu ni hili, na liingie kwenye kumbukumbu: Jumamosi spika iwekwe mbali na meza kuu, au mimi niketi nyuma na akina mama. Sitahesabu kuwa nimedharauliwa.

Jirani yangu naye namwomba mbele ya mashahidi. Jana pampu ilichelewa. Kesho iwashe mapema, ndugu yangu. Nitakuwa uani nikiingoja, na daftari limefungwa.