Mtama Uliojificha: Maisha ya Marehemu Isidori Akonaay Margwe, 1935–1985

Baba Paroko, ndugu wafiwa, majirani wa Masakta na ninyi mliotoka mbali: huyu tunayemsindikiza leo aliingia duniani tarehe 14 Machi 1935, kijijini Maretadu, Mbulu. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Akonaay Margwe na mama Filomena. Mama alipenda kusimulia kwamba Isidori akitumwa kuchunga, ng'ombe walirudi wote, na yeye alirudi na konzi ya majani. Siku moja aliyazungusha mabua vidoleni, akauliza, "Mama, mbona hili ni la duara na hili la ndago lina pembe tatu?"

"Kwa sababu Mungu hakuwa na haraka kama mimi. Lete kuni!"

Alianza shule ya misheni mwaka 1944 na kumaliza shule ya kati mwaka 1953. Mwaka 1959 alichaguliwa kwenda chuo cha kilimo, na huko swali lake la utotoni likapata jibu. Alifundishwa kwamba mahindi, ngano, ulezi, mtama na muwa ni ukoo mmoja, ukoo wa nyasi. Shina lao lina vifundo, na jani hulikumbatia shina kwanza ndipo likaachana nalo. Ndago yeye ni jirani wa ukoo huo, si mtoto wa nyumbani. Likizo ilipofika alimweleza baba yake kwa furaha kwamba ugali wanaokula ni nyasi.

"Vizuri," mzee Akonaay akasema. "Kesho ukapate chakula cha mchana na wenzako malishoni."

Aliajiriwa kuwa bwana shamba mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru. Tarehe 8 Septemba 1962 alifunga ndoa na Ludovika, binti wa Hirbadaw. Bibi harusi alikuja na kibuyu cha mbegu ya mtama aliyopewa na mama yake, mtama mwekundu unaovumilia jua. Mama huyo alifariki mwaka uliofuata. Marehemu alipohamishiwa hapa Masakta mwaka 1971, kibuyu nacho kilikuja, na shamba la pamoja la kijiji lilipoanzishwa mwaka 1972, mbegu ya kwanza ilitoka humo. Miaka ilivyokwenda, kaya nyingine ziliacha mbegu zao, zikaitegemea hiyo.

Sasa, wengi wenu mnakumbuka mavuno ya Juni 1975. Kina mama walifika shambani na miundu, wakakuta masuke mengi ni matupu na punje zimetapakaa chini. Kanga walikuwa wameshiba hata kukimbia hawawezi. Mama Ludovika ndiye aliyemkabili mumewe mbele ya watu wote.

"Baba Hermani, shikamoo yako baadaye. Tumelima chakula cha kanga?"

Marehemu alizunguka shamba lote akichunguza masuke. Aliporudi alieleza. Mtama pori uliokuwa pembezoni, ambao yeye mwenyewe aliagiza uachwe uwe malisho ya maksai, msimu uliotangulia ulitoa maua wakati mmoja na mtama wa kijiji. Upepo ulibeba vumbi la maua, na huo wa pori ukazaa na wa nyumbani. Mtama pori hudondosha punje zake zikiiva, maana hauna mkulima wa kuupanda. Watoto waliozaliwa, ambao ndio waliopandwa mwaka ule, waliirithi tabia hiyo.

Kidogo kilichovunwa kililiwa, kwa kuwa njaa ya mwaka ule haikusubiri mtu. Ya kibuyuni ilikuwa imepandwa yote zamani. Ikawa mbegu ya Hirbadaw haipo tena, isipokuwa zile punje za chini. Kwenye mkutano, Mwenyekiti Nikolausi alisema zifagiliwe zichomwe, kijiji kiombe mbegu nyingine wilayani.

"Ndugu Mwenyekiti," marehemu akasema, "mtama wetu umo humo ndani. Umejificha tu."

"Umejificha wapi? Punje inayomwaga itazaa inayomwaga!"

"Mzee, wewe una mwanya. Mwanao hana. Mjukuu wako je?"

Watu walicheka, kwa sababu mjukuu alikuwapo, amekaa mbele, mwanya wazi. Mwenyekiti naye alicheka, lakini alitoa misimu miwili tu.

Desemba marehemu alizipanda punje hizo bondeni, mbali na mtama wowote. Masuke yalipochomoza aliyavisha mifuko ya kitambaa cha amerikani aliyoishona mama Ludovika, upepo usiingize kitu. Kijiji kizima kilitembelea bonde kuona mtama uliovaa kofia. Mengi yalimwaga. Lakini karibu shina moja katika kila manne lilishika punje zake mpaka mwisho. Hayo ndiyo aliyoyapanda msimu wa pili, na mwezi Juni 1977 mama Ludovika mwenyewe alilipiga suke kwenye kiganja chake, mara nyingi, kwa nguvu. Hakuna kilichoanguka. Alikaa chini ya mashina yale akalia, akimwita mama yake.

Baadaye marehemu aliwaza sana jinsi watu wa kale walivyoupata mtama unaoshika. "Sidhani kama walipanga," alikuwa akisema. "Kilichodondoka kilibaki porini, kilichoshika kilifika nyumbani. Kikapandwa." Alipenda tulifikirie jambo hilo pamoja naye, na hakumkatiza mtu aliyebisha.

Mwaka 1983 alianza kusumbuliwa na figo. Alitibiwa kwa uvumilivu, akiwauliza wauguzi kila dawa inatokana na mmea gani. Alifariki dunia alfajiri ya tarehe 2 Julai 1985, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane, mama Ludovika, watoto watatu, Hermani, Efrazia na Perpetua, wajukuu wawili, na dada yake, Benedikta, wa Maretadu.

Ugali utakaoandaliwa baada ya mazishi ni wa mtama ule, wa mavuno ya mwezi uliopita. Mama Ludovika anaomba kila mmoja ale, asibakize. Mbegu ya mwaka huu ameshaiweka.

Ee Mungu, mpokee Isidori, umpe pumziko lenye amani.