Leodgar Martini Gwimo, Aliyeitwa Nahodha

Marehemu Leodgar Martini Gwimo alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Februari 1952 huko Mwandiga, akiwa mtoto wa pili wa mzee Martini Gwimo na mama Agnesi, wakulima wa michikichi na maharage, na alibatizwa miezi miwili baadaye, akapewa jina ambalo familia inaomba atajwe nalo leo.

Alianza shule ya msingi Mwandiga mwaka 1960, akaendelea na masomo hadi mwaka 1970, kisha akaenda Tabora kwa mafunzo ya ukarani wa reli, na tarehe 1 Machi 1972 aliajiriwa katika stesheni ya Kigoma. Kazi yake kwa miaka ishirini na saba ya kwanza ilikuwa kutangaza treni, na wengi mliopo hapa mlimfahamu kwa sauti kabla ya kumfahamu kwa sura, kwa sababu yeye ndiye aliyesoma majina ya stesheni, Luiche, Kandaga, Uvinza na kuendelea hadi mwisho wa reli, bila karatasi na bila kukosea.

Jumamosi tarehe 17 Julai 1976 alifunga ndoa takatifu na Frida, binti wa fundi cherehani wa Mwanga, na Mungu akawajalia watoto wawili, Samson aliyezaliwa mwaka 1978 na Honorata aliyezaliwa mwaka 1981.

Mwaka 1995, wakati mji huu ulikuwa umejaa ndugu zetu wakimbizi kutoka Burundi, Mwalimu Abdulkarimu wa Ujiji alitunga mchezo wa redio ulioitwa Watu wa Chombo, akawa anatafuta mtu wa kuigiza mkuu wa chombo hicho, akamsikia marehemu akitangaza treni iliyochelewa, na abiria waliokuwa wakilalamika wakanyamaza. Mchezo ulianza kurushwa Jumamosi tarehe 6 Januari 1996, saa kumi jioni. Kwa wale ambao hawakuusikia, ulihusu watu elfu nne waliokimbia nyota yao ilipowaka moto, wakawa wanasafiri angani ndani ya chombo kimoja, kila sayari wanayoifikia inawakatalia kutua au inawapa uwanja uliozungushiwa uzio, na marehemu alikuwa Nahodha Majira, ambaye kila abiria walipotaka kufungua mlango aliwaambia, "Asishuke mtu kabla hatujaona moshi wa jiko."

Hakuna aliyetegemea yaliyofuata. Katika kambi za wakimbizi watu walikaa kumi au kumi na watano kwa redio moja, sokoni Mwanga biashara ilisimama kwa nusu saa, na stesheni abiria waliacha kupanda mabehewa mpaka marehemu awaambie maneno ya Nahodha kwenye kipaza sauti, hali iliyochelewesha treni mara nne, na mwezi Mei 1999 akahamishiwa ofisi ya vifurushi, nyuma ya jengo, ambako hapakuwa na kipaza sauti. Mama Frida, mjane wake, anasema jioni hiyo wakila marehemu alimwambia kwamba kazi ya Jumamosi imekula kazi ya siku nyingine zote.

Aliigiza vipindi mia tatu na tisa. Mwezi Machi 2002, safari za kuwarudisha wakimbizi Burundi zilipokuwa zinaanza, aliletewa maandishi ambayo ndani yake Nahodha anawatangazia abiria kwamba nyota ya zamani imepoa na kila mtu arudi, akayasoma mara mbili kwa macho, kisha akamuuliza Mwalimu Abdulkarimu ni nani aliyeiona hiyo nyota.

"Ni mchezo tu, Mzee Leodgar."

"Basi asome anayecheza," alisema, akavua vifaa vya masikioni, na Jumamosi tarehe 30 Machi 2002, siku moja kabla ya Pasaka, mchezo ulirushwa bila yeye. Mwalimu Abdulkarimu, ambaye yuko nasi hapa, ameeleza familia kwamba hakuna ofisi iliyomwagiza aandike hivyo, aliandika alichotamani kiwe kweli, na wawili hao waliendelea kuwa marafiki hadi mwisho.

Nafasi yake ilichukuliwa na Ndugu Dismasi, ambaye naye yuko hapa na tunamshukuru kwa uvumilivu wake, kwa sababu kwa muda wa wiki tano mji mzima uliamini kwamba Nahodha amepata mafua, na kina mama wa soko la Mwanga walileta malimau na tangawizi nyumbani kwa marehemu hadi Mama Frida akakosa pa kuviweka. Marehemu aliwaeleza kwamba hana mafua, ameacha. Walimwambia apumzike, sauti itarudi. Kinyozi wake wa Ujiji, Mzee Mwinshehe, mtani wake wa miaka mingi, aligoma kumnyoa upande wa pili wa kichwa mpaka aseme maneno ya Nahodha, wateja wakacheka, na marehemu naye alicheka, lakini tangu siku hiyo alinunua mkasi akawa ananyolewa na Samson.

Jambo linalofuata familia imelijadili kwa siku mbili, na linasomwa kwa ruhusa ya mhusika, ambaye amesafiri kutoka Makamba, Burundi, na amekaa pamoja na wafiwa.

Miaka ile watu wengi kambini walipeleka habari kwa kaseti badala ya barua, mtu anarekodi maneno yake kwenye redio ya kaseti ya jirani, kaseti inafungwa kwenye kitambaa, inabebwa na wachuuzi wa dagaa wa Ujiji wanaokwenda kuuza kambini, na jibu linarudi kwa njia ileile juu ya kaseti ileile. Marehemu alipoacha mchezo kaseti zilimfuata nyumbani. Alijibu kila moja kwa jina lake na kwa sauti yake ya kawaida, akaeleza kwamba yeye ni karani wa reli, na kumi na moja zikarudishwa, mojawapo ikiwa na sauti ya mama mmoja akisema kwa upole, "Huyu aliyejibu ni karani, tunaomba mwenyewe." Mwezi Juni 2002 alichoka, akajibu kama Nahodha. Alijiambia kwamba ni salamu tu, hazina madhara.

Mwezi Septemba 2003 ilifika kaseti ya Veneranda, mama wa watoto watatu katika kambi moja wilayani Kasulu, akieleza kwamba mume wake Telesphory ameandikisha familia nzima kurudi Makamba, gari linaondoka baada ya siku tisa, na anauliza Nahodha anasemaje. Marehemu alikaa na kaseti hiyo siku tatu. Hakujua lolote kuhusu hali ya Makamba, na alijua kwamba hajui, lakini mchuuzi alikuwa anaondoka asubuhi, na mwisho alisema kwa sauti ya Nahodha maneno yale yale ya asishuke mtu.

Telesphory alipanda gari na watoto wawili wakubwa. Veneranda alibaki kambini na mtoto mchanga.

Marehemu hakujua hayo hadi Februari 2004, Veneranda alipopata kibali cha kutoka kambini, akafika Mwanga na debe la maharage, akapiga magoti mlangoni na kumshukuru Nahodha. Mama Frida alipokea maharage. Marehemu aliingia chumbani, na baadaye alimwambia mke wake kwamba amevunja nyumba ya watu kwa sauti ambayo alikwisha kuiacha, na kwamba asingeweza kujitetea kuwa ulikuwa mchezo, kwa sababu yeye ndiye aliyekataa neno hilo kwa Mwalimu.

Tangu hapo hakurekodi tena kaseti yoyote. Alianza kwenda kambini kila baada ya miezi mitatu au minne, kwa kibali cha kutembelea, kwa nia ya kumweleza Veneranda ukweli, na kila alipofika habari zilimtangulia, watu wakajaa, wazee wakatolewa nje na viti vyao, na akarudi Kigoma akiwa amesema maneno ya Nahodha na hajasema yake. Tarehe 19 Agosti 2006, kwenye uwanja wa mpira wa kambi, mbele ya watu wapatao mia nne, alisimama akasema kwamba anaitwa Leodgar Martini Gwimo, karani wa vifurushi, hajawahi kuongoza chombo chochote, hajui nani arudi na nani abaki, na walioamua jambo kwa sababu yake wamsamehe. Walipiga makofi kwa muda mrefu. Mzee mmoja wa mstari wa mbele alimuuliza kama sehemu ya pili itakuwa Jumamosi.

Alistaafu mwaka 2007. Mwaka uliofuata aligundulika kuwa na kisukari, na kuanzia 2011 alitembea kwa fimbo, lakini hakuacha safari za Kasulu, na watoto wake walipomzuia alisema kwamba wao wana baba mmoja, yeye ana watu wawili wa kuwalisha, mmoja yumo humu ndani hataki kutoka.

Mwishoni mwa mwaka 2012 kambi ile ilikuwa inafungwa. Tarehe 14 Novemba marehemu alikwenda akiwa na Mama Frida, wakamkuta Veneranda anafunga sufuria zake, watu wengine wakiwa kwenye foleni ya magari, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na wasikilizaji. Alimweleza yote akiwa amesimama. Maneno aliyojibiwa yameandikwa kama Mama Frida alivyoyasikia, na mwenyewe ameyathibitisha jana.

"Mzee Leodgar, mimi sikumuuliza Nahodha. Nilijua ni wewe, mtu wa reli. Mimi nilikuwa naogopa kurudi, na Telesphory hakuwa ananisikia, nikasema labda atamsikia Nahodha. Hakumsikia hata huyo. Hilo si lako."

Marehemu alimuuliza kwa nini basi alikuja kupiga magoti.

"Ningekwambiaje, baba, kwamba nilikutuma kama mtoto dukani?"

Kwenye basi la kurudi, karibu na Mwandiga, marehemu alicheka peke yake, akamwambia Mama Frida, "Miaka minane," kisha akageukia dirishani. Veneranda alifika Makamba tarehe 21 Novemba, Telesphory na watoto wakampokea, na yaliyobaki ni ya nyumba yao.

Figo zilianza kushindwa mwezi Machi 2014, na tarehe 26 Mei marehemu alilazwa katika hospitali ya mkoa. Hata huko hakuachwa. Wagonjwa wa wodi walimwomba maneno ya Nahodha kila asubuhi kabla ya sindano, naye aliyasema, mpaka pumzi ilipopungua akawa anayasema nusu, wao wakamalizia. Tarehe 2 Juni alimwita Samson akamwagiza kwamba juu ya kaburi liandikwe jina la ubatizo na la baba yake, basi. Alifariki dunia Jumatano tarehe 11 Juni 2014, saa tisa na dakika ishirini alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili. Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani wa Mwanga waliokesha na sisi, wenzake wa stesheni waliotoa jeneza, waumini wa jumuiya, ndugu zetu Waislamu wa Ujiji wakiongozwa na Mzee Mwinshehe, na wasikilizaji wote waliokuja kwa mabasi mawili kutoka Kasulu. Bango mlilokuja nalo lenye picha ya chombo limepokelewa kwa heshima na limefungwa kwenye turubai la wageni, na tunaomba libaki hapo, lisiende makaburini.

Fundi seremala wa Mwandiga alimaliza msalaba jana Alhamisi saa kumi na moja jioni. Samson aliusoma herufi kwa herufi kabla ya kuupokea. Una jina moja.

Pumzika, Leodgar Martini Gwimo.