Mathenge Katikati ya Maua ya Zahanati

Ejok, hamjambo wapendwa! Asanteni kwa kuitika kwa nguvu.

Lile zulia la maua ya zambarau mbele ya zahanati yetu hapa Kanamkemer mnalijua. Siku hizi mnapigia picha hapo. Mimi nililia hapo.

Ni lantana ile ya kutambaa. Inalala chini, inashika vumbi, na jua letu haliogopi. Vijiti vyake nilipewa kambini Kakuma na mama mmoja wa Sudan Kusini, aliyeiotesha mlangoni kwa maji ya kuoshea vyombo. Nikavifunga kwa gunia lililolowa maji, nikavikumbatia njia nzima hadi Lodwar. Sista wa zahanati akanipa uwanja, ili wajawazito wasivute vumbi wakisubiri kliniki. Ndoto zangu mnazijua: nilishaona Lodwar nzima ni zambarau!

Ili vishike haraka, nikabeba mbolea ya mbuzi kutoka boma la mjomba. Jamani, nani hapa hajui mbuzi wetu hula nini kiangazi? Maganda ya mathenge, ule mti wa miiba uliotapakaa kote huku! Mbegu zilipita tumboni zikiwa nzima, nami nikazimwagilia kila asubuhi, tena naimba.

Mathenge ikachomoza katikati ya maua. Nikaikata kwa makasi, kimyakimya. Ndugu zangu, nawaambia, ilirudi: shina moja likawa matatu, na miiba juu. Kila mama akiingia miguu peku, naangalia anapokanyaga. Nikaanza kumkwepa sista.

Siku moja mjamzito akakanyaga. Mwiba ukazama kisiginoni, mguu ukavimba. Sista hakupiga kelele. Alisema tu, "Ijumaa nikiona mwiba hata mmoja, jembe linapita hapa pote."

Nikampigia simu yule mama wa Kakuma, nikamweleza yote. Akauliza:

"Unaikata?"

"Ndiyo, mama."

"Kumbe unainyoa! Mathenge hainyolewi, mwanangu. Lowesha udongo, shika chini, ng'oa na mzizi. Na usijifiche. Peke yako hutamaliza."

Hilo la kujificha ndilo lililonichoma. Jumatano nikasimama hapa hapa mkutanoni, mbele yenu, nikasema ukweli. Mmoja wenu akauliza, "Yaani umefungua shamba la mathenge zahanati?" Mkacheka, hata mimi nikacheka na machozi. Kesho yake asubuhi mlikuwa pale na mitungi ya maji, mmepiga magoti, mking'oa. Na yule mama wa kisigino alikaa kwenye jiwe, bandeji mguuni, akitusimamia: "Wewe! Hapo umeacha mmoja!"

Ijumaa sista akavua viatu. Akatembea polepole uwanja mzima, mimi nyuma yake. Alipofika mwisho akageuka. "Haya," akasema, "na upande wa pili utapanda lini?"

Asanteni. Asante mama wa Kakuma, na asante wewe uliyeumia ukanisamehe. Mbolea ya mbuzi bado natumia, lakini kwanza nailowesha kwenye rundo, mathenge iote huko, niing'oe. Na kama uko hapa na jambo lako unalinyoa kimyakimya, lilete likiwa bado changa. Mitungi tunayo, na magoti tunayo.